Shangazi wa kwenye kopo la iliki

Kwenye shelfu ya jikoni kwangu kuna makopo matatu ya maziwa ya unga niliyoyageuza ya viungo, moja mdalasini, moja binzari nyembamba, la tatu iliki, na hilo la iliki ukilitikisa utasikia kinagonga kitu ambacho sio iliki. Ni stripu ya vidonge. Nilianza kuvificha humo mwezi wa tisa mwaka jana kwa sababu pale jikoni hakuna mtu mwingine anaruhusiwa kugusa iliki, bei yake si mnaijua, kwa hiyo kila asubuhi nameza dawa inanukia pilau.

Ni dawa ya pombe. Hiyo sentensi nimeiandika nikaifuta mara tatu, sasa basi ibaki.

Kwa wasionijua, mi napika. Chai ya saa nne na chakula cha mchana kwa semina, mikutano, warsha, vikao vya harusi ukitaka. Nilianza na meza moja na benchi mbili maeneo ya Sabasaba, chapati na maharage, afu mwaka 2016 Magufuli akasema serikali yote inahamia Dodoma na mji ukageuka mji wa mikutano, kila ukigeuka kuna watu arobaini wamekaa ukumbini wanasubiri chai. Namshukuru Mungu kwa hilo. Ila hii biashara inaamka saa kumi alfajiri na inalala saa tano usiku ukiwa na invoisi ambayo haijalipwa mwezi wa tatu sasa na ada ya watoto wawili, na baba yao yupo Mwanza, hiyo ni stori ya siku nyingine.

Pombe ilianza kama kitu cha kuniambia kazi imeisha. Glasi moja ya wine, na hapa kwetu wine sio kitu cha wazungu, zabibu zinalimwa hapo Hombolo na Mpunguzi, zinavunwa mara mbili kwa mwaka, mtu anakuletea dumu kabisa mlangoni. Glasi ikawa mbili. Afu siku moja ukagundua wine inachelewa kukufikisha, ukahamia kwenye pombe kali. Nakumbuka Machi 2017 serikali ilivyopiga marufuku viroba nilifurahi kweli, nikajiambia sasa nitaacha maana mi nilikuwa wa viroba, unaweka vitatu kwenye mfuko wa aproni hakuna anayejua. Kumbe nilihamia tu kwenye chupa, na chupa ikahamia kwenye ile chupa ya chai ndogo ya kijani iliyokuwa inakaa nyuma ya gunia la mchele.

Nilichokuwa sijui ni kwamba kuna siku unaacha kunywa kwa ajili ya raha unaanza kunywa ili mikono itulie. Kukunja sambusa ni kazi ya vidole jamani. Unashika manda, unakunja kona, unajaza nyama, unapaka ule uji wa ngano, unafunga. Saa kumi alfajiri mikono yangu ilikuwa inatetemeka mpaka nyama inamwagika mezani, nikipiga kifuniko kimoja tu cha chupa ya kijani, dakika kumi, vidole vinarudi vyangu. Sisi tunaita kuzimua na tunacheka tukisema, supu na kuzimua. Mimi nilikuwa nazimua kila siku ya Mungu mpaka Jumapili kabla ya misa.

Afu ratiba. Nilikuwa nina nia ya kuacha, nawaambia ukweli, ila nilikuwa sina nafasi. Aprili mpaka Juni ni Bunge la bajeti, mji umefurika, lodge zimejaa, hapo huachi kitu, unakimbiza hela. Nikasema baada ya bajeti. Baada ya bajeti ikaja Nanenane pale Nzuguni, nikasema baada ya Nanenane. Mtu anayekunywa huwa ana kalenda nzuri sana ya lini ataacha.

Kwaresma ya mwaka jana ndo nilijaribu mwenyewe bila kumwambia mtu, kuanzia Jumatano ya Majivu, kavu kabisa. Siku ya kwanza jasho na kichwa, nikasema ni hang'ova tu. Siku ya pili sikushika kijiko. Usiku wa kuamkia ya tatu nikawasikia watoto wananiita kutoka uani, "mama, mama," wazi kabisa, nikatoka na kanga, uani hakuna mtu, watoto wamelala ndani na mlango nimefunga mwenyewe. Nikarudi nikaenda moja kwa moja nyuma ya gunia la mchele. Nilidhani ni mashetani, au ni adhabu. Baadaye daktari aliposikia hiyo habari aliweka kalamu chini. Akaniambia mtu anayekunywa sana kila siku akikata ghafla anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na kuanzia siku ya pili ya tatu anaweza kuchanganyikiwa, kuona na kusikia vitu, moyo unaenda mbio, homa, na watu wanakufa kwa hilo, sio hadithi. Vijana mtaani wanaita arosto na wanadhani ni ya mateja peke yao. Kwa hiyo kama wewe ni wa kila asubuhi kama mimi, tafadhali usijifungie ndani ukajikata mwenyewe eti ushujaa.

Sasa kwenda hospitali. Nyie wa Dar mnaweza msielewe, ila ukikulia Dodoma neno Mirembe unalijua kabla hujajua kusoma. Ile hospitali ipo toka enzi za Mwingereza na inasaidia watu wengi, ila mtaani imekuwa tusi, mtoto akipanda juu ya paa anaambiwa "we utapelekwa Mirembe," mtu akigombana na konda anaambiwa katoroka Mirembe. Kwa hiyo mi kusikia tu "kliniki ya afya ya akili" nilijiona nishavaa gauni la wagonjwa. Nilienda hospitali moja hapahapa mjini, jina silitaji, nikajifunika mtandio mpaka machoni, na mtu wa kwanza kukutana naye kwenye benchi ni mteja wangu, mtu wa manunuzi wa ofisi moja, na yeye kajishusha kofia. Tukaangaliana. Tukasalimiana kama tumekutana sokoni Majengo. Mpaka leo hajauliza na mi sijauliza, na oda zake zinakuja vizuri tu.

Daktari alikuwa binti mdogo, nikajisemea huyu ananiambia nini. Akatoa maswali kumi ya karatasi, ni ya Shirika la Afya Duniani, kila jibu lina pointi, juu kabisa ni 40. Ukifika 8 unaambiwa uangalie mwenendo wako, ukifika 20 na kuendelea wanaanza kuona utegemezi wenyewe. Kuna swali linauliza mwaka uliopita ni mara ngapi umehitaji kinywaji asubuhi ili uanze siku baada ya kunywa sana. Nikamwambia dokta hilo swali si lina jina, ni kuzimua. Akacheka kidogo. Nilipata 27. Sijawahi kupata 27 kwa kitu chochote shuleni.

Kwa sababu ya ile habari ya sauti uani akasema hawezi kunipa dawa nikaenda nayo nyumbani, lazima nilazwe siku tano mwili utolewe pombe taratibu. Siku tano! Nilikuwa na semina ya watu themanini Alhamisi. Nikatoka nje nikapiga simu kwa mteja na mdomo wangu wenyewe ukasema nimefiwa na shangazi Kondoa.

Mimi sina shangazi Kondoa. Nina dada Kondoa, ndo alikuja kukaa na watoto. Shangazi nilimzaa na kumuua ndani ya dakika moja pale kwenye korido.

Ila mnajua sisi tulivyo na msiba. Jioni ileile nikiwa nimelala na dripu mkononi, kabla ya dripu nesi alinichoma vitamini B1 kwanza maana walevi tunakuwa tumeishiwa nayo na ubongo unaumia, simu inaanza kulia, rambirambi. Elfu kumi, elfu ishirini, "pole sana mama, Bwana alitoa." Kundi la Whatsap la wapishi wakatengeneza mpaka orodha ya michango. Mpaka natoka hospitali shangazi ameingiza laki mbili na thelathini na tano elfu. Elfu tano humo ilitoka kwa binti ninayefanya naye kazi jikoni, ambaye mshahara wake naujua kwa sababu namlipa mimi. Nilitazama ile meseji nikiwa nimemezeshwa diazepamu, wanakupa kwa kiwango cha kutuliza mwili afu wanapunguza kila siku, na nikalia usingizini.

Siku ya nne kichwa kikatulia ndo tukaongea dawa. Hapa nitakaa kidogo maana mi mwenyewe nilikuwa sijui chochote, nilikuwa najua tu zile karatasi zinazobandikwa kwenye nguzo za umeme, mganga anatibu pombe, nguvu, mvuto wa biashara, vyote namba moja. Dada yangu aliwahi kuninunulia unga fulani akaniwekea kwenye uji bila kuniambia. Niliharisha siku mbili na siku ya tatu nikanywa.

Dokta akasema ziko tatu zinazotumika zaidi duniani. Ya zamani ni disulfiramu, ya toka miaka ya 1940 huko Denmark, hiyo ukimeza afu ukanywa pombe mwili unashindwa kumalizia kuichoma, sumu moja inabaki kwenye damu, uso unawaka moto, kichwa kinagonga, unatapika, moyo unakimbia. Inafanya kazi kwa woga. Na inakaa mwilini, ukiacha kuimeza bado hadi wiki mbili pombe inaweza kukuwasha. Akanikazia jicho akasema hii hairuhusiwi kabisa kumpa mtu bila yeye kujua, kuna wake wanataka kuwawekea waume zao kwenye mchuzi, unaweza kuua mtu. Nikamfikiria dada na uji wake. Kwangu ilikuwa ngumu pia kwa sababu ya kazi, hiyo dawa inagombana mpaka na pombe ya kujificha, dawa za kikohozi zenye kilevi, dawa ya kusukutua mdomo, hata siki, na mimi naonja kachumbari kutwa nzima. Na zile flajili tunazojinunulia tumbo likivuruga haziruhusiwi kabisa pamoja nayo, zinaweza kukuvuruga akili.

Ya pili akamprosati, vidonge viwili mara tatu kwa siku. Akaniuliza, "Mama, we unakula mara ngapi kwa siku?" Nikafikiria. Napikia watu themanini na sikumbuki mara ya mwisho nimekaa na sahani. Akasema basi hiyo utasahau.

Ya tatu naltreksoni. Kidonge kimoja, miligramu 50, mara moja kwa siku. Haikutapishi ukinywa na haikuzuii kunywa, yaani unaweza kunywa kama kawaida, tatizo ni kwamba ile raha haiji. Alinieleza kwamba pombe ikiingia ubongo unamwaga kemikali zake za raha na zile kemikali zinatafuta sehemu za kukaa, sasa dawa inakuwa imeshawahi zile siti. Nikamwambia kama daladala ya Mtumba saa moja asubuhi, raha inafika kituoni inakuta imejaa, inabaki imesimama na pochi yake. Akasema mama, naomba huo mfano niutumie kwa wagonjwa wengine. Nikamwambia utanilipa.

Walipima ini kwanza, lilikuwa limechoka ila halijafika pa kukataza, na lilirudiwa kupimwa baadaye. Na wakauliza sana kama natumia dawa kali za maumivu, zile za jamii ya morfini, maana ukiwa nazo mwilini unatakiwa ukae bila kuzigusa siku 7 mpaka 10 kabla ya kuanza. Nikasema situmii. Hilo swali shikeni, litarudi.

Usiku ule niligugo nikakuta Marekani waliiruhusu kwa ajili ya pombe mwaka 1994 na Shirika la Afya Duniani wameiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2023. Mwaka 1994 nilikuwa darasa la kwanza. Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani.

Kuipata ilikuwa kazi. Maduka manne ya dawa mjini, wawili hawajawahi kuisikia, mmoja akanipa jina la dawa ya minyoo. Mwisho nikapata mtu Dar akanitumia na basi, nikaenda kuipokea Nzuguni stendi, bahasha ndogo tu imeandikwa vipodozi. Bei iliniuma mpaka nikakaa nikapiga hesabu ya chupa za wiki, afu ikaacha kuniuma.

Wiki ya kwanza nilianza na nusu kidonge. Kichefuchefu! Na mimi kazi yangu ni kusimama juu ya karai la mafuta na sufuria la vitunguu, harufu ya samli tu natoka nje. Kichwa kizito, usingizi mbaya, natembea kama mtu wa mimba changa, na binti wa jikoni akaanza kunitazama tumbo. Dokta alisema meza baada ya kula, usimeze tumbo tupu, na hapo ndo maisha yangu yalipobadilishwa na kidonge kabla hata hakijaanza kazi, maana ilibidi nile. Saa moja na nusu, hotpoti zimefungwa, gari halijafika, nilikuwa nalazimika kuvuta kigoda, nikae, nile viazi viwili vya kuchemsha na chai, ndo nimeze. Dakika kumi na tano. Siku za mwanzo ilikuwa kama naiba, nakaa huku nimenyanyua kisigino. Miaka tisa ya hii kazi nilikuwa sijui kwamba saa moja na nusu jua linaingia jikoni kwangu kupitia tundu la bomba.

Kichefuchefu kiliisha kwenye siku ya tisa hivi. Na kelele nayo ikaanza kupungua. Sijui niielezeje kwa mtu ambaye hana. Ni kama redio ya jirani, kuanzia saa kumi jioni inaongea, bado nusu saa, bado robo saa, duka la pale kona linafunga saa ngapi, nyuma ya gunia imebaki kiasi gani, unapiga hesabu ya mchele huku hiyo redio inaongea. Hawajaizima. Wamepunguza sauti, naisikia kama iko nyumba ya tatu.

Wiki ya nne kulikuwa na sendofu, nilipika mimi, na usiku baada ya kazi wakanipa glasi. Nikanywa. Najua mtaniambia, ila nimesema nitaandika ukweli. Nikanywa glasi ya wine nikasubiri. Nikaongeza ya pili nikasubiri. Kichwa kilikuwa kizito, ulimi mzito, ila kule ndani hamna kitu, kama soda iliyoachwa wazi tangu jana. Ya tatu niliimimina kwenye ua la wenyewe. Nikarudi nyumbani nimekasirika kama mtu aliyeibiwa.

Na kwa sababu nilikasirika, mwezi wa kumi na moja nilifanya ujinga. Kuna ofisi ikanilipa hela ya miezi mitano kwa mkupuo, furaha, Ijumaa asubuhi nikakaa kwenye kigoda nikala viazi, nikafungua kopo la iliki, nikaangalia kidonge, nikafunga kopo. Sikusahau. Niliruka makusudi ili jioni raha ipate siti. Na ikapata. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, mpaka dada akapanda basi kutoka Kondoa kwa mara ya pili. Jumatatu nilimpigia dokta nikitegemea atanifukuza, akauliza maswali mawili, mikono inatetemeka, unasikia sauti, nikasema hapana, akasema basi kesho kula, meza, njoo Jumatano. Hakuniambia nianze kuhesabu siku upya wala nini. Akasema tu tatizo la hii dawa ni kwamba inafanya kazi kwa anayeimeza, na mtu anayemeza peke yake kwa siri anaweza pia kuacha kumeza peke yake kwa siri. Nani anajua kwamba unameza? Nikamwambia dada. Akasema dada yuko Kondoa.

Nilitoka pale nikiwa nimeamua simwambii mtu yeyote Dodoma. Biashara ya chakula inaishi kwa jina. Nani atampa tenda mlevi.

Disemba sasa. Oda za Krismasi, sambusa mia tatu, saa kumi na moja asubuhi, na nataka mjue nilikuwa mzima kabisa, miaka yote niliyofanya hii kazi nimelewa sikuwahi kuungua hata kidole. Kigoda kikateleza, nikashika meza, meza ikagusa mkono wa karai. Mafuta yakashuka kwenye mkono wa kushoto kuanzia kiwiko mpaka vidole. Binti alishakimbilia dawa ya meno, nikapiga kelele maji, na siku hiyo kulikuwa na mgao, bombani hakuna tone, kwa hiyo alisimama na ndoo na kata ananimwagia taratibu, nikamwambia dakika ishirini, hesabu, na alihesabu kweli, kwa sauti, huku analia.

Zahanati ya karibu, tabibu kijana, mwema, kaona mkono kaguna. Akaanza kuvuta dawa kwenye sindano. Nikauliza ni nini hiyo.

"Tramado mama, utulie."

Nikasema siwezi hiyo. Akauliza nina mzio. Nikasema hapana. Binti amesimama pale kashika pochi yangu. Akasema sasa mama huo mkono utauma sana. Na hilo swali la siku ya nne hospitalini likarudi, naltreksoni inakaa kwenye siti zilezile ambazo hizo dawa kali za maumivu zinataka kukaa, tramado, kodeini, pethidini, zote zinakuta pamejaa, na hatari ni pale mtu anapoongeza dozi na kuongeza ili apenye. Dokta alinipa kadi ndogo niweke kwenye pochi, imeandikwa jina la dawa. Kadi nilikuwa nimeiweka kwenye kopo la iliki, ili isionekane.

Nikasema, "Nameza naltreksoni."

"Naltre nini? Ya nini hiyo?"

Ningeweza kusema ya presha. Mkono ulikuwa unawaka. Nikasema ya kuacha pombe, nikasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, mpaka mama mwenye mtoto nje akanyamaza. Tabibu akatoka akapiga simu kwa mtu, akarudi akaniambia sawa, tutatumia diklofenaki na panado, tutasafisha, tutafunga. Iliuma. Siwadanganyi.

Kwenye bajaji ya kurudi binti hakusema neno mpaka tunapita Nkuhungu. Afu akasema, anatazama barabarani, "Mama, ile chupa ya chai ya kijani nilikuwa naiosha mimi."

Nikanyamaza.

"Ulikuwa unaisahau. Naiosha, naiweka palepale nyuma ya gunia, ili usijue kama nimeiona."

Miaka mitatu aliosha ile chupa. Mi nilikuwa najiona mjanja.

Tukafika, akalipa bajaji, akanifungulia mlango maana mkono umefungwa, tumeingia jikoni akasimama ghafla na karai mkononi kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Kwa hiyo shangazi hajafa?"

"Hakuwepo," nikasema. "Hakuna shangazi."

"Mi nilitoa elfu tano!"

Nilimrudishia siku hiyohiyo, na hela nyingine zile nimeanza kuzirudisha kwa njia ya sambusa za bure, wateja wangu wengine wanadhani ni ofa. Na toka siku hiyo kidonge kina jina. Saa moja na nusu ikifika tukiwa hatujatoka, au asubuhi tukiwa tumewahi ukumbini tunapanga vikombe na mimi natafuta kisingizio cha kutokaa, anapita nyuma yangu na trei anauliza kwa adabu zote, "Mama, shangazi umemuona leo?" Nikisema bado ananivutia kiti, ananiwekea viazi, anasimama palepale mpaka nimeze maji.

Juzi kauliza hivyo mbele ya mteja mmoja, mzee mstaarabu sana, na kwenye ile orodha ya rambirambi jina lake lilikuwa la pili kutoka juu. Mzee akashusha kikombe.

"Shangazi? Si ndo yule wa Kondoa tulimchangia?"

Binti hata hakupepesa jicho. "Huyu ni mwingine, baba," akasema, "huyu anakaa na sisi."

Mzee akasema tumpe salamu zake.